Roshani Kabla ya Ukuta

Saun, tarehe 5

Naanza kuandika leo, mimi Khub Ram, fundi seremala, mwana wa fundi seremala. Herufi nilijifunza kidogo utotoni na nyingine nimezisahau, kwa hiyo anayesoma asicheke. Naandika kwa sababu moja. Tuli Ram, kardar wetu, yaani msimamizi wa mali za deota, mungu wa kijiji chetu, ameanza kuwaambia watu kwamba nyumba mpya ya deota "tumeijenga". Tumeijenga na nani? Yeye alibeba nini zaidi ya tumbo lake? Boriti za roshani nimezichonga mimi kwa tezo langu, na katika bonde hili lote hakuna fundi aliyewahi kutoa roshani nje ya ukuta kiasi kile bila nguzo chini. Msumari haumo hata mmoja. Hilo liandikwe kwanza.

Mvua.

Saun, tarehe 6

Mvua. Kardar amepita na mwavuli, hakunisalimu. Na mimi sikumsalimu, tena kwa nguvu zaidi.

Saun, tarehe 8

Hemlata amefika. Ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu Prem, anasomea uhandisi mjini. Barabara ilikatika nyuma ya basi lake, kwa hiyo atakaa nasi mpaka sikukuu ya Sair. Kompyuta yake ameifunga nailoni mbili kama mtu aliyebeba siagi. Bibi yake alimpikia siddu, mikate yetu ya mvuke, akala kwa samli mpaka akafungua mshipi, ndipo nikajua bado ni wetu.

Nikampeleka kuona nyumba ya deota. Ghorofa ya chini imekwisha: tabaka la mbao, tabaka la mawe, bila udongo, kama walivyojenga babu zangu. Juu yake boriti zimelala kuanzia ukuta wa nyuma, zinapita juu ya chumba, zinavuka ukuta wa mbele na kutokeza nje juu ya uwanja. Sehemu ya ndani naiita mkia, ya nje naiita ulimi. Juu ya ulimi ndiko kwenye roshani. Bado ukuta wa juu na paa.

Siku ya Sair deota anatolewa kwenye machela yake, anacheza uwanjani. Wanawake wetu tangu zamani husimama nyuma kwenye matope, wanaona migongo ya wanaume tu. Mwaka huu watatazama kutoka juu. Niliwaahidi mimi mwenyewe mbele ya kijiji kizima. Nilikuwa nimekunywa kidogo, lakini ahadi ni ahadi.

Hemlata akautazama ulimi muda mrefu. Akaniuliza kama anaweza kuujaribu kwenye mashine yake. Nikamwambia jaribu tu, mashine itapata la kujifunza.

Saun, tarehe 11

Amepima kila kitu kwa utepe, hata unene wa boriti. Mimi nikamtajia vipimo kabla hajapima, kwa shubiri, na nilikosea mara moja tu.

Kompyuta inafanya hivi. Unaichora boriti kwenye kioo. Kisha unaikatakata vipande vidogo kama jibini, kwa sababu mashine haina akili ya kufikiri boriti nzima. Inafikiri kipande kimoja, halafu inamuuliza jirani yake ameumia kiasi gani. Mzigo unauweka kwa mishale inayoshuka. Pale boriti inaposhikwa unaweka alama. Ukimaliza, boriti inapinda mbele ya macho yako na kupata rangi. Buluu imetulia, njano inafanya kazi, nyekundu inalia.

Yangu ilikuwa buluu, na njano kidogo juu ya ukuta wa mbele. Nikatoka nje na mvua yote ile nikawaambia watu. Kardar nilimfuata mpaka mlangoni kwake, nikamwambia hata mashine ya mjini imepiga magoti.

Saun, tarehe 12

Nimewaambia waliokuwa hawajasikia.

Saun, tarehe 14

Leo nimemkosoa Hemlata na kosa lilikuwa kosa kweli. Alinionyesha tena mchoro wake. Pale ukuta wa mbele alikuwa ameweka alama ya kushika, kama jino kwenye ufizi. Nikamuuliza nani ameishika boriti yangu hapo. Akasema ukuta. Nikamwambia huo ni ukuta wa saruji wa huko kwenu mjini. Wangu mimi boriti hazijashikwa na mtu. Zimelala tu, kama ng'ombe anavyolaza kidevu juu ya ua. Tetemeko likija zinacheza, kisha zinarudi. Ndiyo maana nyumba zetu zinasimama.

Nilitarajia acheke. Hakucheka. Akafuta ile alama, akaweka pembetatu mbili, alama ya kulalia tu, moja ukuta wa mbele na moja ukuta wa nyuma. Akaniuliza ni nini kinachozuia mkia usiinuke. Nikamwambia ukuta wa juu, uzito wake unaukalia mkia. Akaniuliza ukuta huo uko wapi.

Uko kwenye machimbo, nikasema. Unasubiri nyumbu.

Akabonyeza. Rangi zilikuwa nzuri bado, lakini aliuonyesha mkia kwa kidole. Alisema umebaki na uzito wa mbao za sakafu tu, na watu wakijaa nje utakuwa umeinuka karibu kuachana na ukuta. "Mbao haivunjiki, Babu. Mbao yako ni nzuri. Kinachotokea ni kwamba inanyanyuka." Akataka tusimamishe nguzo chini ya ulimi, hata za muda, kabla Saun hajaisha.

Nikamwambia nguzo ni za mtu anayeogopa kazi yake. Ukuta wa juu utasimama kabla ya Bhadon, mwezi ujao, na nguzo zitabaki hapo kuniaibisha miaka yote. Akafunga kompyuta. Huyu mtoto akifunga kitu ni kama bibi yake, unasikia.

Saun, tarehe 17

Mvua. Nyumbu hawajaja.

Saun, tarehe 19

Mvua. Mawe mzigo mmoja tu. Hemlata kanitajia nguzo. Nikakataa.

Saun, tarehe 23

Mlima umeporomoka juu ya njia ya machimbo. Wanaume wote tumekwenda na sururu. Unachimba, na matope yanashuka nyuma ya mgongo wako yanacheka. Kardar alichimba pia, lazima niseme, na alichimba vizuri kwa mtu mwenye tumbo lile. Tulirudi bila kufika popote.

Hemlata akataja nguzo mbele ya watu. Nikamjibu vibaya. Sitaandika nilivyosema.

Saun, siku ya mwisho

Mawe hayakuja. Ukuta wa juu hauko. Kesho ni Bhadon.

Kwa atakayesoma na si wa huku: Bhadon ni mwezi mweusi. Miungu huwa wameondoka kwenda vitani na wachawi, hawako nyumbani kumlinda mtu. Hakuna anayeoa, hakuna anayehamia, hakuna anayeweka jiwe juu ya jiwe wala mbao juu ya mbao. Anayejenga Bhadon anajengea mauti. Na Sair ni asubuhi ya kwanza ya Ashoj, mwezi unaofuata Bhadon, hakuna nafasi katikati ya kujenga.

Mke wangu alinipa chai, akaketi. Hakusema kitu kuhusu nguzo. Ningependa kama angesema.

Bhadon, tarehe 2

Mvua.

Bhadon, tarehe 3

Mvua. Nimetengeneza mpini wa jembe, kisha nikakumbuka ni Bhadon nikauacha nusu.

Bhadon, tarehe 6

Siku mbaya. Naiandika yote.

Hemlata alikuwa jikoni na kompyuta yake, bibi yake anachambua maharage pembeni. Mishale ya mzigo ilikuwa imepangwa sawasawa juu ya roshani yote, kama mahindi yaliyoanikwa. Mke wangu hajui kusoma hata namba za basi. Alinyoosha shingo, akauliza hivyo vijiti ni nini. Hemlata akamwambia ni sisi, Bibi, ni wanawake tumesimama.

Mke wangu akatazama. Akasema, "Nani amesimama hivyo?"

Tukamwuliza ana maana gani. Akasema deota akifika pembe ya mashariki ya uwanja huwa anainama mbele ya kibanda cha mungu dada yake, na anapoinama kila mwanamke ni lazima amrushie maua, asiyerusha mwaka wake umeharibika. Mimi nimeishi hapa miaka yangu yote na sikulijua hilo, maana wanaume tunakuwa mbele tunapiga ngoma, hatutazami nyuma. "Utarusha kutoka upande wa pili?" akasema. "Kwa mkono wa nani? Wote tutakwenda pembe ile, Baba Prem. Tutasukumana."

Hemlata akaihamisha mishale yote kwenye pembe ya mashariki. Ikawa kama msitu. Akabonyeza.

Kompyuta haikutoa rangi yoyote. Ilifikiri, ikafikiri, kisha ikaandika maneno mekundu na kusimama. Mimi nikafurahi. Nikasema unaona, imeshindwa, kazi ya Khub Ram imeishinda. Nilisema hivyo kweli, na nilijipiga paja.

Mjukuu wangu akaniambia taratibu, kama unavyosema na mgonjwa, kwamba mashine inajibu tu kuhusu kitu kilichokaa. Boriti ikipinda, itakwambia imepinda kiasi gani. Hii haikai. Mikia ya pembe ile imeachana na ukuta, na hakuna kinachoirudisha. Kwa mashine ni kama kuiuliza habari za jiwe lililokwisha kurushwa. Akasema na yeye alikosea mwanzoni, alipoweka jino kwenye ufizi, maana kuhusu maegemeo mimi ndiye niliyesema kweli, na angemwuliza Bibi tangu siku ya kwanza tungeyajua haya kukiwa bado Saun. Alisema kwa heshima. Mimi nilisikia sehemu moja tu, kwamba mimi ndiye niliyesema kweli, na ile kweli imeniangusha.

Mke wangu akaendelea na maharage.

Bhadon, tarehe 7

Nimekwenda kwa kardar kuomba ruhusa ya nguzo. Mvua ilinyesha mpaka ndani ya kofia. Alinikalisha, akanipa moto, akaniacha niseme mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama si mimi niliyesema nguzo ni za mtu anayeogopa kazi yake. Alikuwa ameyashika maneno yangu kama mkopo. Nikasema ni mimi.

Akasema mbao haziguswi mpaka Sair, hata angetaka. Mawe vilevile, hata ya kuwekwa tu bila kujengwa. Mtoto akiugua baada ya hapo, watu watamtazama nani? Katika hilo hana kosa. Akasema lililo rahisi ni kuifunga roshani kwa kamba, wanawake wasimame chini kama miaka yote. Lakini kamba hiyo niifunge mimi, na niwaambie mimi.

Nikasema nitafikiri.

Bhadon, tarehe 9

Ninafikiri. Mvua.

Bhadon, tarehe 13

Wanawake wanashona. Kila nyumba unayopita wanashona. Mke wa jirani Noop Ram ameniita niione shali, akasema safari hii wa chini watatuona sisi. Nikaisifu shali.

Bhadon, tarehe 15

Mvua. Sijamwambia mtu.

Bhadon, tarehe 18

Nilijiambia mashine inaweza kukosea. Mashine haijawahi kushika tezo. Nikawaomba wabebaji wa machela, wanaume wanne wenye mabega, wapande kusimama kwenye pembe ya mashariki, nikasema nataka kusikia mbao. Hemlata akaniambia nisiwatie hatarini, akawafunga kamba kiunoni mwenyewe, akaifunga kwenye nguzo ya lango. Mimi nikaingia ndani nyuma, nikalala kifudifudi pale mkia unapokaa juu ya ukuta wa nyuma.

Kwanza hakuna kitu. Nikaanza kucheka peke yangu. Kisha Hemlata akawaambia wasogee mpaka ukingoni, na wengine wawili wakaongezeka.

Mwanga ukaingia. Kati ya boriti yangu na jiwe pakawa na mstari wa mwanga, mwembamba kama uzi, na kupitia huo nikaiona nyasi ya nje ikitikisika kwa mvua. Boriti haikulia. Haikutoa hata mlio mmoja. Ilinyanyuka kimya kama mtu mwenye adabu anayetoka mkutanoni. Nilitia ukucha pale. Ukucha ukaingia. Nikapiga kelele warudi, na mkia ukalala tena juu ya jiwe, na mwanga ukazimika.

Nilibaki nimelala pale. Hemlata alikuja, akaketi kwenye maji karibu yangu. Sita tu ndio waliokuwa pale. Sair watakuwa wanawake wote.

Nimekuwa nikimwona huyu mtoto kama mgeni wa mjini anayekuja kula siddu. Sivyo. Alinionya kila siku ya Saun, na nilipomtukana alirudi kunionya tena. Mimi nisingerudi.

Bhadon, tarehe 19

Mvua.

Bhadon, tarehe 24

Njia ya machimbo imefunguka. Mawe yamefika, mazuri, yamepangwa nje ya lango. Hakuna wa kuyagusa. Nayatazama.

Bhadon, tarehe 27

Nimewaambia.

Niliwakuta kisimani, wengi wao, na nikaona nikirudi nyumbani sitarudi tena pale. Nikasema roshani haitawabeba. Nikaeleza mkia, nikaeleza ukuta usiokuwepo. Nikasema Hemlata alitaka nguzo na mimi nilikataa. Nilisema yote haraka haraka na jina langu halikuwa na sifa humo hata moja.

Hawakupiga kelele. Hilo ndilo lililokuwa baya. Mke wa Noop Ram alijifunika kichwa akaanza kujaza mtungi. Mmoja akasema sawa, tumezoea matope. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye jiwe la kufulia. Akamuuliza Hemlata, si mimi, mkia unataka uzito gani ili usinyanyuke.

Hemlata akahesabu kwa vidole, akasema kama wanaume thelathini wazima, wakikaa nyuma kabisa, wengi wao upande wa mashariki. Wakikaa na wasiinuke.

"Bhadon hataki mawe," mke wangu akasema. "Hataki mbao. Wanaume amewakataza nani?"

Kisima kizima kikaanza kucheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naona maana yake. Juu hakuna ukuta wala paa. Anayekaa kwenye mkia ananyeshewa, na haoni uwanja, anaona migongo ya wanawake. Nikasema hakuna mwanaume atakayekubali, siku ya deota.

"Waliotusimamia mbele miaka yote wanaweza kutukalia nyuma siku moja," mke wangu akasema. "Na wa kwanza ni wewe, Baba Prem."

Bhadon, tarehe 28

Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimekataliwa, nimechekwa, nimepewa chai. Noop Ram alisema mke wake ameshamjibia.

Bhadon, tarehe 29

Kardar amesema hakuna sheria inayokataza watu kukaa. Alisema huku anatazama pembeni. Hemlata anataka kila mtu ajue nafasi yake, amechora kwa chaki.

Usingizi haupo.

Ashoj, tarehe 1. Sair

Naandika kabla sijavua nguo zilizolowa.

Asubuhi vijana walizunguka na majani na kokwa za jozi kuwasalimu wazee miguuni, kama desturi. Mimi walinikuta nimeshakaa juu ya mkia wa pembe ya mashariki, turubai kichwani. Wanaume wakaja mmoja mmoja, wanaguna. Wengine walikuja kucheka wakabaki. Hemlata akatembea katikati yetu akisogeza watu kama mawe, wewe huku, mjomba wewe nyuma zaidi. Akatuambia jambo moja tu. "Msiinuke. Hata mkisikia ngoma. Hasa mkisikia ngoma."

Kisha wanawake wakapanda. Nilizisikia mbao za sakafu zikiwapokea. Shali nyekundu, shali za mistari, migongo tu mpaka mwisho. Mvua ilikuwa inatunyeshea sisi na kuwanyeshea wao, lakini wao hawakuijua.

Tarumbeta zikalia. Deota alitoka. Sisi tuliosimama mbele maisha yetu yote tulikaa tukitazama visogo vya wake zetu. Kijana wa Noop Ram, mwenye miguu isiyotulia, akauliza amefika wapi. Ngoma zikageuka, na mimi ninazijua ngoma zile: anakwenda pembe ya mashariki.

Migongo yote ikasogea kwa pamoja.

Nikaisikia chini yangu. Boriti ilinisukuma. Si kwa nguvu, ni kama ng'ombe anapotaka kuamka na wewe umemwegemea. Nikajikandamiza chini na kila nilichonacho. Nje wanawake wakapiga vigelegele, maua yakaruka, na hapo hapo yule kijana akainuka kutazama. Mwingine naye akapiga goti moja. Nikasikia mkia unapanda, unapanda kweli, na jiwe la nyuma likakwaruza.

Sikuwa na pumzi ya kumtukana. Aliyemshika kijana yule mshipi na kumketisha kwa kishindo alikuwa Tuli Ram. Sijui aliiacha machela saa ngapi. Alikuwa amekuja kutoka nyuma, joho la sherehe limelowa, akajitupa juu ya boriti ya pembeni kwa lile tumbo lake lote nililolitukana humu. Mkia ukarudi chini. "Kaa, Khub Ram," akaniambia, ingawa mimi sikuwa nimeinuka. Tukakaa. Tulishikana mikono kama watoto wanaovuka mto, safu nzima.

Deota aliinama, akainuka, akaenda zake. Ngoma zikapungua. Wanawake wakaanza kushuka, wachache wachache, kama Hemlata alivyowapanga, na kila aliyeshuka boriti ililegea kidogo chini yangu. Wanaume wakaanza kuinuka pia, wakishika viuno, na kuanza kujisifu. Hemlata akaniambia imetosha, Babu, sasa unaweza.

Nikaangalia mbele. Mke wangu alikuwa bado amesimama pembeni kabisa, peke yake, mikono juu ya kizuizi nilichokichonga mimi, anautazama uwanja ambao hajawahi kuuona kutoka juu. Aligeuza uso, akaniona nimekaa.

"Nishuke?"

Nikamwambia asishuke. Nikamwambia mimi bado nipo hapa.